Kozi za bure mtandaoni: kuna bure ya kutazama na bure ya kuchukua

Rauta_ya_Kondele (mwanzilishi wa uzi)

Wadau, kila wiki humu mtu anauliza "nisome kozi gani ya bure?" na majibu huwa orodha ya tovuti. Tuanzie nyuma kidogo, maana hilo neno "bure" limebeba vitu viwili visivyofanana.

Kuna bure ya kutazama. Unafunguliwa mlango, unasikiliza, lakini hutoki na kitu mkononi, na mwenye nyumba akifunga kesho huna la kumwambia. Halafu kuna bure ya kuchukua. Hapo leseni yenyewe inakuruhusu kupakua, kunakili, kutafsiri na kumpa mwenzako kwenye flashi.

Ya kwanza ndiyo iliyopigiwa ngoma. Mwaka wa 2011 chuo kikuu cha Stanford, Marekani, kilifungua kozi ya akili bandia ya Sebastian Thrun na Peter Norvig, na watu kama 160,000 wakajiandikisha. 2012 zikazaliwa tovuti za kozi, Coursera na edX. edX ilikuwa mali ya vyuo vikuu vya Harvard na MIT, shirika lisilotafuta faida. 2021 ikauzwa kwa kampuni ya 2U kwa dola milioni 800, na 2024 hiyo 2U yenyewe ikakimbilia kinga ya kufilisika. Coursera nayo imezidi kubana. Kozi nyingi siku hizi unaonjeshwa moduli ya kwanza tu, zilizobaki ni za kulipia. Sisemi ni watu wabaya, wana mishahara ya kulipa. Ila ukipanga masomo ya vijana ishirini wa Nyalenda juu ya msingi huo, umejenga kwenye kiwanja cha wenyewe.

Ya pili ni ya zamani kidogo na haina kelele. MIT ilitangaza OpenCourseWare, masomo yake yaliyowekwa wazi mtandaoni, 2001. Leseni za kwanza za Creative Commons (CC), za kuruhusu watu kunakili na kusambaza kazi, zikatoka 2002, na mwaka huohuo UNESCO ikakipa kitu hiki jina: Open Educational Resources (OER). David Wiley, msomi wa elimu huria wa Marekani, ameziweka haki zake kuwa tano: kubaki nayo, kuitumia, kuibadilisha, kuichanganya na nyingine, kuisambaza. Ikikosekana ile ya kwanza, zilizobaki ni maneno tu.

Karibuni mrekebishe na mwongeze.

---

Pascal_Lurambi

Na kile Chuo Kikuu Huria cha Kenya, ni bure ya gani kati ya hizo?

---

Rauta_ya_Kondele

Hakuna hata moja, ndugu Pascal. "Huria" ya pale ni ya namna ya kusomea: uko Butere au Bondo, unasoma bila kuhamia chuoni. Kilipewa hati Agosti 2023, makao yake Konza, na ada ipo. Jina limefuata mkondo wa kile cha Uingereza cha 1969, ambacho uhuria wake ulikuwa wa kuingia bila kudaiwa alama za shule. Kwa hiyo ukisikia "huria", uliza kwanza: kuingia, kusomea, au leseni?

---

Hesabu_Njoro

Naongeza bure ya tatu ambayo haipo: bando. Tupige hesabu, maana watu huogopa bei wasijue wanaogopa nini hasa.

Chukua kozi ya wiki 8 yenye video za saa 2 kwa wiki. Jumla saa 16. Video ya 720p (ubora wa kati) inayokwenda kwa megabiti 1.5 kwa sekunde: 1.5 × sekunde 3,600 ÷ 8 = MB 675 kwa saa. Mara 16, ni kama GB 10.8. Shusha hadi 360p, kasi kama megabiti 0.5, unapata MB 225 kwa saa, GB 3.6 kwa kozi nzima. Sauti peke yake kwa kilobiti 48 ni kama MB 22 kwa saa.

Sasa angalia hii. Mwalimu anayeongea maneno 150 kwa dakika anatamka maneno 9,000 kwa saa. Yakiwa maandishi matupu, ni kilobaiti 55 hivi. Yaani maandishi ya kozi yote ya saa 16 hayafiki hata MB 1, wakati video zake za 720p ni zaidi ya GB 10. Kozi nyingi zina maandishi ya video pembeni au chini yake, na watu hawayagusi. Pakua hayo kwanza, soma, kisha fungua video pale tu penye mchoro au jedwali usiloweza kulielewa kwa maneno.

Kinachokula bando bila watu kujua:

- Ubora wa "otomatiki". Mtandao ukiwa mzuri saa nne usiku, video inajipandisha yenyewe hadi 1080p. Funga 360p kwa mkono.
- Kurudia. Kila ukirudisha nyuma video isiyopakuliwa, sehemu kubwa yake inavutwa upya. Pakua ndani ya programu ukiwa kwenye waifai, utazame ukiwa umezima data.
- Masasisho ya simu na kompyuta. Unaunganisha laptopu kwenye hotspoti ya simu, Windows inaanza kujisasisha, na bando la siku limekwisha kabla ya somo la kwanza. Nenda kwenye mipangilio ya waifai, tia alama kwamba huo ni mtandao wa kulipia kwa kipimo. Kubofya mara moja tu.

---

Boda_na_Kodi

Mwalimu, hiyo ya KB 55 imeniuma. Bando langu lote limeishia kutazama mtu mweupe akiandika ubaoni 😂

---

Akinyi_Milimani

Nyinyi wenye leseni mnaongea vizuri, lakini tuseme ukweli, vijana wanataka cheti. Mtu wa Kaptembwo hamwambii mwajiri "nina haki tano za Wiley". Kuna cheti cha bure kabisa ama ni hadithi?

---

Kodi_Safi_Nakuru

Kipo dada, lakini si pale watu wanapokimbilia.

freeCodeCamp, tovuti ya kujifunza kuandika programu: masomo bure, mazoezi bure, cheti bure. Vyeti vyake vikuu vilikadiriwa kama saa 300 za kazi kila kimoja. Ukisoma saa 2 kila jioni ni miezi mitano, si wikendi mbili. Hakiji kwa kutazama, kinakuja kwa kumaliza miradi.

CS50 ya Harvard, kozi ya utangulizi wa sayansi ya kompyuta: hapa ndipo wengi hupotea njia. Kozi ni ileile, milango ni miwili. Ukipitia edX, cheti kilichothibitishwa unalipia. Ukipitia tovuti ya CS50 yenyewe na kuwasilisha kazi zote pamoja na mradi wa mwisho, kuna cheti cha CS50 bila malipo. Unahitaji akaunti ya GitHub (tovuti ya kuhifadhi kazi za programu), na kazi zinafanyiwa ndani ya kivinjari, kwa hiyo intaneti isiyokatikakatika ni lazima. Kwa simu pekee hutaiweza, usijidanganye.

Coursera: kuna msaada wa ada, unaombwa kozi moja moja kwenye ukurasa wa kozi yenyewe. Unaandika maelezo kueleza kwa nini unaomba na kozi itakusaidia vipi, na jibu huchukua kama wiki mbili. Kosa la kawaida ni kunakili maelezo yaliyozunguka WhatsApp. Kosa la pili ni kuomba siku unayotaka kuanza. Omba kozi ya pili ukiwa katikati ya ya kwanza. Na usitegemee kwamba punguzo litafuta ada yote, soma jibu mpaka mwisho.

Mitego miwili ya hela. "Siku 7 bure" inadai kadi, na siku ya nane unakatwa. Ukitumia kadi pepe ya Visa ya M-Pesa, usiache salio linalotosha kukatwa, na ufute usajili siku ya tano, usingoje saa za mwisho. Mtego wa pili ni jina. Andika jina la akaunti kama lilivyo kwenye kitambulisho, yote matatu, kwa mpangilio uleule, kabla ya kuomba cheti. Akaunti ikisema "Shiru Baby" na kitambulisho kikisema vingine, uthibitisho unakwama, na kurekebisha jina baada ya cheti kutoka ni safari ya barua pepe nyingi.

Kuhusu uzito wake: KNQA, mamlaka ya Kenya iliyoundwa kwa sheria ya 2014, inasimamia mfumo wa kitaifa wa sifa za masomo. Kozi fupi ya wiki nne haigeuki diploma kwa sababu imetoka chuo chenye jina. Kwa kazi za kompyuta, mwajiri atataka kuona ulichojenga kabla ya PDF. Kwa wauguzi na matabibu, pointi za CPD (mafunzo endelevu ya taaluma) zinafuata kama mtoaji wa mafunzo ameidhinishwa na baraza lako. Kozi za mtandaoni za Shirika la Afya Duniani (WHO) ni nzuri kwa maarifa, ila uliza baraza kabla ya kuzihesabu kwenye leseni.

---

Pascal_Lurambi

Na hii habari kwamba hakuna anayemaliza kozi hizi za mtandaoni?

---

Rauta_ya_Kondele

Takwimu ipo na hunukuliwa nusu. Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha 2019 kwenye jarida la Science uchunguzi wa kozi za mtandaoni za MIT na Harvard. Mwaka wa masomo 2017–18, waliomaliza walikuwa asilimia 3.13 ya waliojiandikisha. Inatisha. Lakini hapohapo wanasema zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakuingia darasani hata mara moja. Na kati ya waliolipia cheti, asilimia 46 walimaliza.

Usikimbilie kusema kwamba hela ndiyo dawa. Aliyelipa alikuwa amekwishaamua kabla ya kulipa. Kinachoniuma zaidi kwenye ripoti ile ni kwamba wengi wa wanafunzi walitoka nchi tajiri. Kitu kilichosemwa kitamfikia mtoto wa kijijini kimeishia kwa mtu mwenye digrii na waifai ya nyumbani.

Kwa kikundi, kinachosaidia ni vitu vidogo: siku moja ya wiki isiyohama, watu watano hadi wanane (ishirini wanajificha), na kila mmoja anakuja na zoezi alilokwama, si muhtasari wa alichotazama. Kundi la WhatsApp lisilo na mkutano huwa la salamu za asubuhi ndani ya wiki tatu.

---

DadaSaiba_Mumias

Swali la kibiashara. Niko na printa na mashine ya kunakili. Mwanafunzi akileta kitabu cha leseni NC nimchapie kwa bob 5 ukurasa, nimevunja leseni?

---

Leseni_Kwanza

Dada, swali zuri kuliko yote humu. Herufi zenyewe kwanza. BY: taja mwandishi. SA: ukibadilisha, toa kwa masharti yaleyale. NC: si kwa biashara. ND: usisambaze iliyobadilishwa. ND ndiyo inayotuumiza sisi, kwa sababu tafsiri ni mabadiliko. Ukitafsiri kwa Kiswahili au Dholuo kitu chenye ND, baki nacho mwenyewe, huwezi kukigawa.

Kuhusu printa: Marekani kesi hii ilifika mahakama ya rufaa 2018. Wachapishaji Great Minds waliishtaki FedEx Office kwa kutoza shule hela ya kunakili vitabu vya hisabati vya BY-NC-SA. Walishindwa. Mahakama ilisema duka linanakili kwa niaba ya shule, na shule haifanyi biashara. Hiyo ni sheria ya kwao, haimfungi hakimu wa Kakamega, lakini mantiki yake inakufaa: mteja anakuja na faili lake, wewe unauza karatasi na wino. Usichofanya ni kuchapisha nakala 50 mapema, kuzibana na kuziweka dirishani kwa bob 300. Hapo umekuwa muuza vitabu.

Na ukurasa wenye leseni usiukate ili kuokoa karatasi. Hiyo BY ndiyo iko pale.

Kwa haraka, vilivyo vingi: Wikipedia ni BY-SA. MIT OpenCourseWare na Khan Academy ni BY-NC-SA. Hadithi za watoto za African Storybook nyingi ni BY, na utazikuta kwa Kiswahili, Dholuo na hata Lubukusu. Hizo chapisha, uza, tafsiri, mradi jina la mwandishi na mchoraji libaki. Video za Coursera kwa kawaida haki zote zimehifadhiwa. Kuzipakua ndani ya programu yao si ruhusa ya kuzihamishia kwenye flashi.

---

Mwl_Ahero

Nimefuata uzi wote. Tuna ukumbi, vijana 18, laptopu 6 kuukuu na simu zao. Stima inapotea mara kwa mara. Hakuna intaneti ya kutegemea. Tuanzie wapi?

---

FundiPi_Lanet

Mwalimu, kazi yako ni ya seva isiyo na intaneti. Programu ya Kolibri ya shirika la Learning Equality ndiyo nyepesi zaidi: unaweka masomo kwenye kikompyuta kimoja, wengine wanaingia kwa waifai ya ndani, bando sifuri.

Vifaa: kikompyuta chenyewe, Raspberry Pi 4 (Pi) ya RAM ya GB 4. Chaja yake halisi, volti 5 ampea 3. Diski ndogo ya SSD ya USB ya GB 256, au kadi ya memori ya GB 128 kama mfuko hauruhusu. Rauta yoyote ya kawaida na waya wa ethaneti. Usitegemee waifai ya ndani ya Pi kwa watu 18, simu zikishafika kumi hivi zinaanza kudondoka. Rauta haisumbuki: watu 18 × megabiti 0.5 ni megabiti 9 tu.

Hatua:

1. Tia Raspberry Pi OS kwa programu ya Imager, kisha sakinisha Kolibri.

2. Usipakue masomo ukumbini. Sakinisha Kolibri kwenye laptopu, nenda penye faiba, pakua chaneli (mikusanyiko ya masomo) unazotaka, halafu uzihamishie kwenye diski ya USB kutoka ndani ya Kolibri yenyewe. GB 60 kwa kasi ya megabiti 10 ni saa 13 na zaidi, kwa hiyo iache ilale huko usiku. Chagua mada, usibebe chaneli nzima.

3. Rudi ukumbini, chomeka diski kwenye Pi, ingiza kutoka diski. Folda inayoitwa KOLIBRI_DATA lazima ikae juu kabisa ya diski. Ukiitia ndani ya folda nyingine, Pi haitaiona, na utalaumu diski bure.

4. Kwenye rauta, ipe Pi anwani isiyobadilika, mfano 192.168.1.50. Bandika ukutani karatasi kubwa: 192.168.1.50:8080.

Ukitaka na Wikipedia, tumia Kiwix, programu ya kuisoma bila intaneti, lakini ipe mlango (port) mwingine kama 8081 isigongane na Kolibri. Na flashi iwe imefomatiwa kwa mfumo wa exFAT. FAT32 haipokei faili inayozidi GB 4, na faili kubwa za Kiwix zinapita hapo. Utaona inakataa kwa ujumbe kwamba faili ni kubwa mno, ilhali flashi ni tupu.

Stima: Pi hula wati 5 hivi, rauta kama 8, jumla 13. Powabenki ya 20,000 mAh ina saa-wati 74 kwa maandishi, ukitoa upotevu zinabaki kama 63, yaani chini kidogo ya saa 5. Kwa jua, betri ya volti 12 ya ampea-saa 18 ina saa-wati 216. Ni ya risasi, usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo unazo 108: saa 8. Rauta nyingi hunywa volti 12 moja kwa moja, ila hakikisha kwenye kibandiko chake. Pi inahitaji kishusha volti hadi 5 kinachotoa ampea 3 za kweli. Skrini ikionyesha alama ya radi ya njano, Pi haipati umeme wa kutosha. Mara nyingi kosa ni waya mwembamba, si betri.

---

Mwl_Ahero

Asante sana fundi. Jirani zetu walijaribu kitu kama hicho, simu zikaonyesha zimeunganishwa lakini ukurasa haufunguki. Laptopu zikafungua vizuri.

---

FundiPi_Lanet

Hiyo ni Android. Simu inaona waifai haina intaneti, inahamia data ya simu kimyakimya, na huko 192.168.1.50 haipo. Wazime data kabla ya kuunganisha, na simu ikiuliza kama ibaki kwenye mtandao usio na intaneti, wakubali. Pia waandike http:// mwanzoni. Wakiandika namba tupu, baadhi ya vivinjari huzipeleka kwenye utafutaji.

---

Hesabu_Njoro

Mwl_Ahero, kabla hujawaachia Khan Academy peke yao, jua imeandikwa kwa shule za Marekani. Chaneli ya Kiswahili ipo, ila ya Kiingereza ni kubwa zaidi. Hesabu ni hesabu, maneno ndiyo yanawaangusha. Mtahini wa KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya) anaandika "gradient", Khan anasema "slope". "Standard form" ya kwetu kwao ni "scientific notation". Mbaya kuliko zote ni "trapezium": kwetu ni umbo la pande nne lenye pande mbili sambamba. Wamarekani hilo wanaliita "trapezoid", na kwao "trapezium" ni umbo la pande nne lisilo na pande zozote sambamba. Mwanafunzi akitafuta neno la kitabu chake, anapata umbo jingine kabisa.

Tengeneza jedwali la ukurasa mmoja: mada ya silabasi yetu, neno letu, neno lao, namba ya somo ndani ya Kolibri. Mada kumi za mwanzo ni kazi ya jioni mbili. Ndani ya Kolibri kuna sehemu ya kocha ya kupanga masomo kwa mpangilio unaoutaka wewe. Tumia hiyo, usiwaachie watangetange. Vya KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, viko kwenye Kenya Education Cloud, ila hivyo soma sharti la kila faili kabla ya kukihamishia kwenye seva.

---

Leseni_Kwanza

Na hilo jedwali, mwalimu, ukilimaliza andika chini yake CC BY na jina lako. Wa Njoro na wa Mumias wasianze upya.

---

Mwl_Ahero

Nitafanya hivyo. La mwisho: jioni tukimaliza, nachomoa tu?

---

FundiPi_Lanet

Usichomoe! Ndivyo kadi za memori zinavyokufa, Pi ikiwa katikati ya kuandika. Toa amri ya kuzima, `sudo poweroff`, ngoja taa ya kijani iache kumetameta, hesabu hadi kumi, ndipo uchomoe. Stima ikipotea yenyewe, powabenki inayoweza kuchajiwa na kutoa umeme kwa wakati mmoja ndiyo inakuokoa. Ijaribu kwanza kwa kuchomoa ukutani huku Pi inawaka, kwa sababu nyingine hukata nusu sekunde wakati wa kubadilisha, na hiyo nusu sekunde inatosha kuiwasha Pi upya.

Tena, Pi 4 haina betri ya saa. Ikiwaka bila intaneti inaendelea na tarehe ya zamani, na ripoti za wanafunzi zinaonyesha walisoma wiki iliyopita. Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango, weka tarehe kwa mkono: `sudo date -s "2025-03-10 08:00"`, ukibadilisha iwe ya siku hiyo. Mkabidhi kijana mmoja kazi hiyo, pamoja na ya kuzima.